Kabla hujalipia meli ndogo ya Antaktiki, uliza inabeba abiria wangapi

Watu wakiulizia safari ya Antaktiki huanza na ukubwa wa chumba na kama kina roshani. Sisi tungeanza na idadi ya abiria. Kanuni za kule haziruhusu zaidi ya abiria 100 kuwa nchi kavu kwa wakati mmoja mahali pamoja, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu kabisa. Meli ya watu 90 inawashusha wote kwa mkupuo mmoja. Ya watu 190 lazima igawe makundi mawili: hawa wakiwa ufukweni, wale wanazungushwa kwenye boti au wanasubiri zamu. Anasa ya kweli huko ni muda wa kusimama kimya ukiwatazama pengwini, na marumaru ya bafuni hayakuongezei hata dakika moja.

Meli nyingi hung'oa nanga Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina. Zoezi la dharura ni la lazima kwa kila mtu: ukisikia honi fupi saba na moja ndefu, chukua nguo za joto na jaketi la kujiokolea, nenda kituoni kwako. Kisha unakuja Mlangobahari wa Drake, unaotenganisha Amerika Kusini na Antaktiki, kilomita 800 hivi, kwa kawaida mwendo wa siku mbili.

Hapo ndipo neno mrama linaporudi kwenye maana yake ya asili: chombo kuyumba. Vyumba vya juu, ambavyo ndivyo ghali zaidi, hupepesuka kuliko vyote. Chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini, hutikisika kidogo. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya kufika bahari kuu, kwa sababu tumbo likishachafuka kidonge hakikai. Plasta ya nyuma ya sikio hubandikwa saa kadhaa mapema na hudumu siku tatu, lakini mwenye presha ya macho asiiguse kabla ya kumwona daktari. Na vidole! Usishike ukingo wa mlango hata kidogo. Meli ikilala upande, mlango mzito unajifunga wenyewe, na vidole vinavyobanwa hivyo ni ajali ya kawaida mno melini. Shika mkono wa ngazi. Ukiona wahudumu wanalowesha vitambaa vya meza kabla ya chakula cha jioni, jua usiku utakuwa mzito: kitambaa kibichi kinazuia sahani kuteleza.

Siku hizo mbili hutumika pia kusafisha mizigo, na kazi hii tunaomba uifanye kwa moyo. Kila nguo ya nje, begi na mguu wa kamera hupitishwa mashine ya kufyonzea vumbi. Mbegu hujificha kwenye velkro, kwenye mishono ya mifuko na kwenye pindo za suruali. Zitoe moja moja kwa kibano. Mbegu moja ya nyasi ikiota mahali ambapo haijawahi kuwepo, kuing'oa ni kazi ngumu. Tangu mafua ya ndege yafike kule, hairuhusiwi kukaa, kupiga magoti wala kuweka begi chini ufukweni. Kinachogusa ardhi ni gambuti peke yake, na hilo limeshachovywa dawa.

Asubuhi ya kushuka, vaa matabaka matatu: sufu nyembamba mwilini, sweta katikati, jaketi na suruali visivyopitisha maji juu. Pamba iache nyumbani, maana inanyonya jasho na kukupoza. Suruali ipite nje ya gambuti, si ndani, la sivyo wimbi la kwanza linajaza buti. Soksi zisibane, mguu uliobanwa ndio unaoganda kwanza. Betri ya akiba ya kamera ikae mfuko wa ndani, karibu na kifua.

Boti za mpira huchukua watu wanane hadi kumi. Begi mpe baharia kwanza, mikono ibaki huru. Mnashikana kigasha kwa kigasha, si kiganja kwa kiganja: kiganja chenye glavu iliyolowa huteleza, kigasha hakitelezi. Kanyaga ubavu wa boti, shuka sakafuni, keti, kisha sogea ukiwa umeketi. Usisimame bila kuambiwa. Ufukweni, zungusha miguu upande wa tezi, yaani nyuma ya boti, na uteremke polepole, usiruke.

Pengwini mwachie mita 5, na akija kwako simama. Njia zao kwenye theluji usizikate. Ukiacha shimo la buti, pengwini anaweza kutumbukia akashindwa kutoka. Shimo ulilolitoboa lifukie.

Upepo ukigeuka, barafu huziba ufuko kwa dakika chache, na kiongozi wa msafara akisema rudini, rudini hapo hapo. Hakuna picha ya mwisho.

Ukirudi, sugua gambuti hadi kinyesi cha waridi kiishe kwenye mifereji ya soli, kisha chovya dawa. Kamera ifunge kwenye mfuko kabla ya kuingia kwenye joto, isije ikajaa umande. Mwisho, geuza kibao cha namba yako au pitisha kadi mlangoni, ijulikane kuwa umerudi. Usipofanya hivyo jina lako litatangazwa meli nzima, na nahodha hatasogeza chombo mpaka uonekane.