Tuipime barabara ya mtaa kuanzia barazani

Lami ilipofika mtaani kwetu, upande wa Temeke hapa Dar es Salaam, tuliipokea kwa furaha ya kweli, kwa kuwa tulikuwa tumechoshwa na vumbi la kiangazi lililoingia hadi kwenye masufuria ya mama lishe, na madimbwi ya masika yaliyowafanya watoto waende shule wakiwa wameshika viatu mkononi. Baada ya wiki chache tukaona kwamba mashimo tuliyokuwa tukiyalaani ndiyo yaliyokuwa yakizuia mwendo wa magari. Mwaka huohuo mtoto wa jirani yangu, mwanafunzi wa darasa la pili, aligongwa na bodaboda alipokuwa akitoka dukani na chumvi aliyotumwa na mama yake. Alivunjika mguu, akapona, na leo anacheza mpira na wenzake. Lakini tangu siku ile siwezi tena kuitazama barabara ya mtaa kama njia ya kupitisha magari tu.

Barabara nyingi za mitaa yetu huchorwa kuanzia katikati. Kwanza huwekwa mstari wa kati, kisha njia za magari upande huu na huu, kisha mtaro, na kinachobaki kati ya mtaro na ukuta wa nyumba huachiwa mtembea kwa miguu, muuza genge, nguzo ya umeme na gari lililoegeshwa, wote wagombanie hapohapo. Naamini tunapaswa kupima kinyume chake: tuanzie barazani, pale mlangoni pa nyumba na pa fremu ya duka, tumtengee nafasi anayekaa, anayeuza na anayetembea, na magari yapewe kipande kinachobaki katikati. Mtaani waenda kwa miguu ndio wengi, na gari likikosa upana dereva hupunguza mwendo tu, ilhali mtu akikosa mahali pa kukanyaga hushuka barabarani.

Suala la mwendo linastahili kuelezwa kwa hesabu, kwa sababu watu wengi huona tofauti ya kilomita 30 na 50 kwa saa kuwa ndogo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita takriban mita 14 katika sekunde moja, na sekunde moja ndiyo muda ambao dereva huutumia kuona hatari na kuupeleka mguu kwenye breki. Gari linalokwenda kilomita 30 hupita mita 8 tu katika muda huo, na kwenye lami kavu huhitaji mita nyingine kama 5 hivi kusimama kabisa. Kwa hiyo mahali ambapo dereva wa kwanza hata hajaigusa breki, wa pili amekwisha kusimama. Nguvu ya kugonga nayo hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo gari la kilomita 50 hugonga kwa nguvu inayokaribia mara tatu ya gari la kilomita 30. Sheria yetu inaruhusu kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na Azimio la Stockholm la Februari 2020, lililotolewa na mkutano wa kimataifa wa mawaziri kuhusu usalama barabarani, lilihimiza kilomita 30 pale ambapo magari na watu huchanganyika. Hata hivyo, kibao peke yake hakimpunguzii mtu mwendo. Kinachompunguzia ni umbo la barabara: njia nyembamba, tuta lililojengwa kwa kipimo sahihi, kivuko kilichoinuliwa hadi usawa wa njia ya miguu, na kona iliyobanwa ili anayekata asiweze kuikata kwa kasi. Kona pana, ambazo sisi huziona kuwa ni ustaarabu, ndizo humwezesha dereva wa bodaboda kuingia mtaani bila kugusa breki.

Chukulia mtaa wenye mita 12 kutoka ukuta hadi ukuta. Ukitoa njia mbili za magari za mita 3 kila moja, unabakiwa na mita 3 kila upande. Mtaro ukifunikwa kwa mifuniko imara ya zege na njia ya miguu ikapita juu yake, mtembeaji anapata mita 2, zinazotosha watu wawili kupishana hata kama mmoja amejitwisha ndoo. Mita 1 iliyobaki kando ya barabara inakuwa ya miti, nguzo za taa, meza za wafanyabiashara na vinguzo vifupi vya zege vya kuzuia magari yasipande. Mtaro usiofunikwa hula nafasi hiyo yote, huwavunja wazee miguu usiku, na huzibwa na taka hadi maji ya mvua yaingie majumbani. Fedha za mifuniko huonekana kama nyongeza isiyo ya lazima wakati wa kuandaa makadirio, ilhali bila mifuniko hiyo njia ya miguu haipo kabisa.

Biashara ndiyo inayoleta mabishano makali zaidi. Wenye maduka huogopa kwamba maegesho yakiondolewa wateja watapungua. Nimekaa barazani jioni nyingi kuangalia ni nani anayenunua, na nimeona wazi kwamba wanunuzi wa mtaani hufika kwa miguu, aghalabu wakiwa wameshuka kwenye daladala na kupitia mboga, mkaa au mkate kabla ya kufika nyumbani. Gari moja lililoegeshwa huziba takriban mita 5, yaani karibu fremu mbili, na mwenye gari hilo anaweza kuwa ameingia nyumba nyingine kabisa. Mama mmoja mwenye genge, ambaye amekuwepo tangu barabara ikiwa ya mchanga, aliniambia, "Mwanangu, zamani mteja akisimama hapa tulisalimiana mpaka anakumbuka alichosahau kununua. Siku hizi anaogopa kusimama, ananyoosha hela na kuondoka." Maneno hayo nimeyabeba kila ninapozungumza na viongozi wetu.

Vilevile sikubali kwamba njia ya miguu husafishwa kwa kumfukuza muuzaji. Mwaka 2021 machinga walipoondolewa kandokando ya barabara za Dar es Salaam, njia nyingi zilionekana upya, na nilielewa kwa nini waliokuwa wakisukumwa barabarani walishukuru. Lakini wateja wa machinga ni hao hao watembea kwa miguu, na meza iliyopangiwa mahali pake, ikiwa na mwavuli, haimzuii mtu kupita. Isitoshe, mtaa wenye wauzaji na taa hadi saa tatu usiku ni mtaa ambao binti anaurudia bila hofu.

Nilipokuwa Nairobi nilikwenda kuiona Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya redio, simu na vifaa vya umeme. Mwaka 2019 Kaunti ya Jiji la Nairobi, ikishirikiana na UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, iliubadilisha mtaa huo uliokuwa ukisongwa na matatu, yaani daladala za Kenya: magari yakaelekezwa upande mmoja, njia za miguu zikapanuliwa, baiskeli zikapewa nafasi yake, miti ikapandwa na viti vikawekwa. Kilichonigusa ni kitu kidogo tu, nacho ni kwamba watu walikuwa wamekaa. Katika barabara zetu mtu huonekana amekaa pale anapouza au anaposubiri usafiri, kana kwamba kupumzika kivulini si haja ya mwananchi.

Kuhusu baiskeli nitasema machache. Hapa kwetu baiskeli ni chombo cha kazi. Hubeba mikate alfajiri, mkaa, samaki na madumu ya maji. Katika mtaa wenye mwendo wa kilomita 30 mwendesha baiskeli hahitaji njia ya peke yake, kwa sababu anaweza kwenda pamoja na magari. Katika barabara kubwa anahitaji njia iliyotengwa kwa ukingo wa zege, kwa kuwa mstari wa rangi hugeuka maegesho mara moja.

Wapo wanaosema mambo haya ni ya nchi tajiri. Jibu liko hapa hapa jijini. Taasisi ya Amend imekuwa ikizunguka shule za msingi za Dar es Salaam, ikichunguza njia wanazopita wanafunzi na kurekebisha mambo ya kawaida kabisa: njia ya miguu, matuta, vivuko, vinguzo, na mahali pengine kulihamisha lango la shule liache kutazama barabara yenye magari mengi. Utafiti uliolinganisha maeneo yaliyorekebishwa na yasiyorekebishwa ulionyesha kwamba majeraha ya watoto yalipungua kwa asilimia 26, na mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross Center, kituo cha utafiti wa miji. Nikiufikiria mguu wa yule mtoto wa jirani, asilimia hiyo huwa ina sura na sauti.

Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu mwaka 2017, lakini maoni huanzia kwenye mkutano wa mtaa, na huko ndiko tulikolipeleka jambo letu. Mwenyekiti alituomba tulete vipimo badala ya malalamiko. Basi Jumamosi iliyopita tulitoka watu tisa, wakiwemo fundi cherehani, dereva wa bajaji na walimu wawili, tukiwa na futi kamba na chaki, tukaanza kupima kutoka ukutani kuelekea katikati. Tulichora mita 2 za kutembea, tukachora mita 1 ya miti na meza, na mama wa genge akaisogeza meza yake hadi ndani ya mstari ili aone kama inatosha. Ilitosha. Watoto waliokuwa wakitutazama wakaanza kutembea juu ya chaki, wakienda na kurudi, na bodaboda zikawapita pembeni polepole.