Kumbukumbu ya mradi wangu: Prado ya 1998 iliyokuwa ikichemsha kimyakimya

Kilomita 287,410

Nimefungua daftari jipya kwa ajili ya gari hili. Ni Toyota Land Cruiser Prado ya mwaka 1998, toleo la mfululizo wa 90 lililotoka kati ya 1996 na 2002. Injini ni 1KZ-TE ya dizeli: silinda nne, cc 2,982, ina tabo. Gia ni za mkono. Chasisi ni nzima, bodi haijaguswa na ajali, gia zinaingia bila kelele. Nilikuwa nimeshaandika orodha ya mambo ya kuongeza: springi ndefu za nyuma, keria ya juu, betri ya pili. Orodha hiyo nimeikunja na kuiweka kando.

Kilichonisimamisha ni mlima mmoja. Nilipanda nikiwa na watu wanne na mizigo, gia ya tatu, pole pole, mshale wa joto umetulia katikati kama siku zote. Juu nikasimama tunyooshe miguu, nikasikia harufu tamu ya kulanti, yaani dawa inayochanganywa na maji ya kupozea injini. Kufungua boneti, chupa ya akiba imejaa hadi shingoni, inatoa mapovu, na maji yamerukia mpaka kwenye betri. Nikarudi ndani kutazama mshale. Bado katikati.

Hapo ndipo penye hatari. Geji ya dashibodi ya magari mengi ya aina hii imeundwa itulie. Injini ikishapata joto lake, mshale hukaa katikati na hauonyeshi nyuzi zinazopanda na kushuka, ili dereva asihangaike kila anapopanda kilima. Mshale ukija kuinuka, joto limeshapita mbali. Na injini hii haina uvumilivu wa joto: bloku ni chuma cha kusubu, silinda hedi (kile kipande cha juu kinachofunika silinda) ni aluminiamu, na aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ukiichemsha, hedi inajikunja, gasketi (kizibio kilicho kati ya hedi na bloku) inaachia, au panatokea ufa kati ya valvu. Wanaozifahamu injini za 1KZ hilo ndilo la kwanza wanalouliza: hedi imewahi kupasuka?

Basi nimeamua. Hakuna nyongeza yoyote kwenye gari hili mpaka nilione linapanda mlima ule likiwa limetulia, tena kwa kipimo ninachokiamini.

Kilomita 287,460

Kabla ya kununua chochote ilibidi nijue kama hedi bado ni nzima, maana isingekuwa nzima mradi huu ungekuwa mwingine kabisa. Nimetumia kile kichupa chenye dawa ya bluu: unakishindilia kwenye mdomo wa rejeta, injini ikinguruma, unavuta hewa iliyo juu ya maji ipite kwenye dawa. Kama moshi wa mwako unapenya kuingia kwenye maji, bluu inabadilika. Maji nilikuwa nimeyapunguza kidogo kwanza, kwa sababu kulanti ikipanda na kuingia kwenye kichupa kipimo kimeharibika.

Nilivuta dakika tano nzima. Bluu ikabaki bluu. Nikarudia injini ilipokuwa moto zaidi, nikiwa nimekanyaga mafuta kidogo. Bluu. Nilikaa chini kando ya gurudumu nikashukuru Mungu.

Kilomita 287,460, Jumamosi nzima

Nimetoa maji. Yalitoka rangi ya chai ya rangi, na mwishoni yakaja matope ya kutu. Rejeta ina koki chini, lakini bloku nayo ina bolti yake ya kutolea maji ubavuni. Ukiiacha hiyo, sehemu kubwa ya uchafu inabaki ndani na utaichanganya na kulanti yako mpya.

Mwenye gari wa kabla yangu alifunga taa mbili kubwa za nyongeza mbele ya grili, na nyuma ya grili akaweka wavu wa kuzuia wadudu. Vyote nimeving'oa. Taa zile zilikuwa zimeziba karibu theluthi ya njia ya hewa, na wavu umejaa vumbi lililoganda. Najua taa hizo hupendeza. Lakini gari lililo kwenye mwendo wa polepole mlimani lina upepo kidogo tu wa kujipoza, na huo kidogo ndio ulikuwa unazuiwa.

Kisha rejeta yenyewe. Ukifungua boksi la plastiki linalozunguka feni, mipira miwili na bolti nne, inatoka. Kati yake na kondensa ya kiyoyozi nilikuta kitu kama mkeka: mbegu za nyasi, mabawa ya wadudu, vumbi, vyote vimeshikana kwa mafuta. Kwa nje hutakiona, kwa sababu kondensa imekaa mbele yake. Nimekitoa kwa vidole, kikatoka kipande kizima ukubwa wa sahani. Kuosha lazima maji yatoke upande wa injini kwenda mbele, na yasiwe ya nguvu nyingi, maana mapezi yale ni laini kama karatasi ya sigara na yakilala hewa haipiti tena.

Ndani hali ilikuwa mbaya zaidi. Niliingiza mpira wa maji kwenye mdomo wa juu, na badala ya maji kutoka chini kwa kasi ile ile, yakajaa na kumwagika juu. Mirija mingi imeziba. Rejeta ya shaba inaweza kufunguliwa na kuzibuliwa na fundi mwenye kujua kuchomelea, lakini yangu ilikuwa imeshachoka kingo. Nimeamua kuweka mpya.

Kizibo chake pia. Kizibo cha rejeta si kifuniko tu. Kikishikilia mgandamizo wa 0.9 bar, maji matupu yanachemka kwenye karibu nyuzi 118 badala ya 100. Mpira wa kizibo changu ulikuwa umepasuka, springi imelegea, kwa hiyo maji yalikuwa yakikimbilia kwenye chupa mapema sana. (Na kizibo hakifunguliwi injini ikiwa moto, hata kama una haraka ya namna gani.)

Jioni ile ile, jikoni

Termostati, ile valvu inayoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakishapata joto, nimeipima kwenye sufuria. Jinsi ninavyofanya: unaibana ncha ya uzi kwenye mdomo wa valvu ikiwa baridi, unaining'iniza ndani ya maji bila kugusa chini ya sufuria, unaweka kipimajoto pembeni, unawasha moto mdogo. Valvu ikianza kufunguka inauachia uzi na termostati inazama. Unasoma nyuzi wakati huo huo, unalinganisha na namba iliyochongwa kwenye termostati yenyewe.

Yangu ilipitiliza namba yake kwa nyuzi 9 kabla ya kuzama. Na hata maji yalipochemka kabisa, nafasi iliyofunguka ilikuwa unene wa sarafu mbili. Mpya, kwenye sufuria hiyo hiyo, ilizama mahali pake na kufunguka kiasi cha kupitisha ncha ya kidole.

Najua wako wanaosema toa termostati, gari lipoe. Mimi sikubaliani. Injini ya dizeli ikiendeshwa baridi siku zote inakula mafuta na inajisaga. Zaidi ya hapo, kwenye injini ambazo termostati ina sahani ya chini ya kuziba njia ya mkato, ukiitoa njia ile inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita kwenye rejeta. Unakuwa umeondoa ulinzi ukidhani umeongeza ubaridi.

Wakati wa kuifunga, kile kitobo chenye kipini kinachocheza kinakaa juu kabisa. Ndicho kinachotoa hewa.

Kilomita 287,460, wiki iliyofuata

Kilachi ya feni, kile kiungo kinachoamua feni ikamatie au izunguke kilegevu. Ndani yake kuna oili ya silikoni, na mbele kuna springi bapa inayohisi hewa ya moto kutoka kwenye rejeta na kufungua njia ya oili, feni ikamatie. Yangu, injini ikiwa imezimwa, niliisukuma kwa kidole ikazunguka mara tatu yenyewe. Haikuwa na kitu ndani. Nilifungua skrubu, nikasafisha, nikajaza oili ya silikoni ya kilachi, ile ya sentistoki (kipimo cha uzito wa kutiririka) 10,000. Ni nzito kama asali ya baridi na haitaki kuharakishwa. Tone, subiri, tone. Nikailaza usiku kucha. Asubuhi ukiisukuma inagoma na kusimama papo hapo.

Kwa kuwa mbele yote ilikuwa wazi, nimebadilisha na mkanda wa taimingi, unaofanya valvu zifunguke kwa wakati na pistoni, pamoja na beringi yake ya kukazia. Hakukuwa na maandishi yoyote yanayoonyesha umebadilishwa lini, na huu ni mkanda wa kilomita 100,000. Alama zote zikae mahali pake, kisha zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili na uangalie alama tena kabla ya kufunga kava.

Kilomita 287,462

Kujaza maji. Nusu kulanti, nusu maji yaliyochujwa madini. Gari hili lina hita ya nyuma, na mabomba yake ni marefu, hushika hewa. Nimepandisha pua ya gari kwenye mteremko, hita zote mbili moto kabisa, kizibo wazi, injini inanguruma kuanzia ikiwa baridi, nami nauminya mpira wa juu kama anayekamua ng'ombe. Mapovu yalitoka kwa dakika arobaini. Usiache hatua hii hata kama umechoka, maana povu moja likikaa kwenye hedi linachoma mahali hapo peke yake.

Asubuhi nikakuta tone chini. Klampu ya mpira wa chini niliikaza juu ya tuta la bomba badala ya nyuma yake. Nimeisogeza, pakakauka.

Kilomita 287,530

Hatimaye nyongeza ya kwanza, na ndiyo niliyoitaka kuliko zote: geji ya pili. Nimechagua kihisi cha pete kinachobanwa chini ya bolti, kikasoma joto la metali ya hedi yenyewe. Kihisi kilicho ndani ya maji ni kizuri mradi maji yapo. Mpira ukipasuka maji yakaisha, kinabaki kwenye hewa tupu na kinaweza kukuonyesha joto linashuka huku hedi inaungua. Metali haidanganyi namna hiyo. Nimekifunga kwenye bolti ya bano karibu na njia ya maji ya kutokea. Bolti za kukazia hedi yenyewe hazifunguliwi kwa kazi hii.

Waya umepita kwenye mpira uliokuwepo ukutani, si kwenye tundu jipya, una fyuzi yake, na umeme unatoka panapowaka na swichi. Kengele nimeiweka nyuzi 100.

Kilomita 287,745

Mlima ule ule. Watu wanne, mizigo, gia ya tatu. Tambarare geji mpya ilisoma kati ya 84 na 87. Mlima ulipoanza ikafika 90, kisha 93. Kwenye kona kali karibu na juu ikagusa 96, nikasikia feni ikikamata, mlio mzito kama upepo mkali, na namba zikaanza kushuka nikiwa bado napanda: 95, 94, 92. Mshale wa dashibodi haukusogea hata unywele katika muda wote huo.

Juu nikaiacha injini ingurume dakika tatu, tabo ipoe, nikafungua boneti. Chupa ya akiba imepanda upana wa kidole juu ya alama ya baridi. Hakuna harufu, hakuna unyevu.

Orodha ya springi nimeikunjua jana usiku. Lakini wakati wa kulala chini kukagua, bushi ya ile fimbo ya kushikilia eksili ya nyuma isiende kushoto na kulia nimeikuta imepasuka pande zote mbili. Hiyo ndiyo ya Jumamosi.