Santuri za soul: soma karibu na lebo
Ukiuziwa santuri ya Sam Cooke, mwimbaji wa soul (muziki wa Wamarekani weusi), akiimba jukwaani Harlem Square Club, Miami, ukaambiwa ni chapa ya 1963, rudisha pesa mfukoni. Onyesho lilirekodiwa Januari 1963, ila santuri ilitoka 1985. Wenye kampuni ya kurekodi waliiona kali mno. (Ukali huo ndio utamu wenyewe: sauti imekwaruza, watu wanaitikia.)

Zile santuri ndogo za 45 (huzunguka mara 45 kwa dakika), ziinamishe chini ya taa usome namba zilizochorwa kati ya mistari na lebo. Zisipolingana na za chapa halisi, shuku. Na baadhi ni za polistirini, plastiki ngumu, si vinaili, plastiki ya kawaida ya santuri: ukigonga ukingo kwa kucha zinalia kavu. Hizo, sindano ya kinanda iliyochakaa huzila haraka. Mkwaruzo wake hauondoki hata uoshe.