Jina Langu Kwenye Daftari la Ahadi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumanne usiku nilikaa na daftari la ahadi za ujenzi, naandaa orodha ya kusomwa Jumapili. Mnajua hali ilivyo. Chumba cha diakonia, huduma yetu kwa wahitaji, kimetuzidia: Jumamosi wazee wanapimwa presha chini ya mwembe, watoto wanakunywa uji wamesimama. Msingi wa jengo jipya umekwisha, nondo zinashika kutu, saruji hakuna. Nikachukua kalamu nyekundu, nikawa nazungushia wadaiwa. Ukurasa wa tatu nikakuta jina langu. Sh 200,000. Sijatoa hata senti.

Nikaikumbuka siku yenyewe. Mnada baada ya ibada, jogoo kafika 80,000, watu wanapiga vigelegele, nami nikasimama na ahadi yangu. Niliyaahidi yale makofi, si Bwana. "Ni afadhali usiweke nadhiri, kuliko kuiweka usiiondoe." Hilo nitalimaliza kwa magoti.

Kilichoninyima usingizi ni jina la chini yangu. Bibi mmoja aliahidi 10,000, ametoa 7,000, mia tano mia tano, mstari mzima umejaa tarehe. Mwezi uliopita tulimsoma mbele ya watu kama mdaiwa. Tangu siku hiyo haonekani ibadani, wala Jumamosi haji na mjukuu wake kwenye uji.

Jamani, jengo hili tunamjengea nani? Si yeye? Tumemfungia mlango ambao hata fundi hajaupachika! Tunapenda kunukuu kwamba Mungu humpenda atoaye kwa moyo wa ukunjufu, tukiruka maneno yaliyotangulia: "si kwa huzuni, wala si kwa lazima." Someni Kutoka 36. Musa naye alitangaza kambini habari za michango, ila alichotangaza ni kwamba inatosha, hata "watu wakazuiwa wasilete tena". Majina ya ambao hawajaleta hayakusomwa. Sisi wazee wa kanisa, na mimi wa kwanza, tumegeuza madhabahu kuwa ofisi ya madeni. Tutubu.

George Müller wa Bristol, Uingereza, mhubiri aliyelea yatima, majirani walilalamikia kelele za yatima wake mwaka 1845, akalazimika kutafuta mahali pakubwa zaidi. Hakumwomba mtu fedha, aliomba kwa Mungu, na taarifa zake hazikuwataja watoaji kwa majina. Mwaka 1849 watoto wakaanza kuhamia Ashley Down, nyumba ya watoto 300. Sisemi tuache kuchangishana. Imani ya Müller sina, na mwenye duka la saruji hanikopeshi tena. Nasema tuchangishane bila kuaibishana.

Alhamisi nilikwenda kwa yule bibi. Daftari nililiacha nyumbani makusudi. Hata sijakaa sawasawa, akafungua fundo kwenye pindo la khanga, akatoa mia tano.

"Mwanangu, andika."

"Mama, leo nimekuja kukujulia hali tu."

"Nimekusikia. Andika."

Nikaandika kwenye kiganja, naye akasogeza miwani kuhakikisha tarehe ipo. Kuhusu kurudi ibadani hakusema kitu, akanikaribisha chai.

Jumapili orodha haisomwi. Mwenyekiti wa kamati akiuliza, mwambieni ninayo mimi. Na zile 200,000, nusu nimeshamkabidhi mhazini leo asubuhi. Iliyobaki, mwisho wa mwezi nikipokea mshahara.