Waliotuandikia kwenye Karatasi ya Bei Chee

Jumapili, Kirumba, Mwanza

Mvua zimeshika kasi wiki hii, na leo sikutoka. Nimeshinda sebuleni nikianika magazeti yangu ya zamani ya katuni na hadithi. Sisemi kuanika juani, maana jua ndilo adui wa kwanza. Nayatandaza kwenye mkeka, madirisha wazi, nayageuza moja moja. Huku kwetu upepo wa ziwa unaingia ndani bila hodi, na unyevu wake ukishakaa kwenye sanduku la bati hautoki mpaka utolewe. Mume wangu alipita na kikombe cha chai, akaitazama sakafu, akauliza, "Mama Neema, na leo tunapita wapi?" Nikamwonyesha njia ya ukutani.

Ugomvi wangu ni na karatasi yenyewe. Magazeti haya yalipigwa chapa kwenye karatasi ya mti uliosagwa wote, pamoja na ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti. Gundi hiyo ikipata mwanga na hewa inageuka njano, baadaye kahawia, na asidi inayozaliwa humo inazikata nyuzi polepole, hadi siku unafunua ukurasa na kona inabaki kidoleni. Pini za katikati nazo zinashika kutu. Mende wanapenda gundi ya mgongoni kuliko sukari. Mimi natumia majani ya mwarobaini yaliyokauka vizuri na bahasha za kaki. Mifuko ya nailoni niliiacha, maana inafunga jasho ndani na kuzaa ukungu.

Mkusanyiko wenyewe si mkubwa. Kuna matoleo ya Sani, gazeti la katuni, kuna Film chache za Spear, jarida la hadithi za picha, na rundo la riwaya pendwa ambazo mgongo wake umeshikwa na plasta ya hospitali. Sani ndilo lililonilea. Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo walilianzisha kwa vichekesho na hadithi, na humo ndimo walimoishi Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe na Pimbi. Kabla yao baba zetu walikuwa na Chakubanga, mhusika wa katuni wa Christian Gregory, aliyeanza kuonekana kwenye gazeti la Uhuru mwaka 1967. Philip Ndunguru, ambaye mkono wake ndio uliompa Ndumilakuwili sura ninayoikumbuka, alifariki 1986 angali kijana, na wachoraji wengine wakawapokea wahusika wake. Ukiwa na matoleo ya kabla na baada unaona mkono ukibadilika: pua ile ile, suruali ile ile, ila mstari umekuwa mzito kidogo. Mtoto hajali. Mimi sasa nakaa hapo kwenye mstari muda mrefu kuliko kwenye kichekesho chenyewe.

Halafu kuna kurasa ambazo hakuna aliyezitunza kwa makusudi. Marafiki wa kalamu, kwa mfano. Kijana wa Ngudu, S.L.P. ya shule, anapenda muziki, kusafiri na kubadilishana mawazo, anaahidi kujibu barua zote. Tangazo la dawa ya nywele. Bei iliyokatwa kwa kalamu na kuandikwa nyingine. Mwezi uliopita nilinunua karanga soko la Mwaloni na nikakuta zimefungwa kwa kipande cha katuni. Nikamuuliza yule mama kama ana kurasa nyingine, akanitazama kwa huruma, akaniongezea karanga.

Spear ni habari nyingine. Lance Spearman, kofia kichwani, tai ya kipepeo, sigara nene mdomoni, anapigana na wahalifu kwenye picha halisi zilizopigwa kwa kamera na kuwekewa maneno ya mazungumzo juu yake. Jarida lilikuwa la Kiingereza, la kampuni ya Drum, na lilitamba Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Aliyeigiza ni Jore Mkwanazi, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtumishi wa nyumbani na mpiga piano wa klabu. Shujaa Mwafrika mwenye gari la kifahari na whisky mkononi alikuwa anatoka kwenye mikono ya wachapishaji wa Afrika Kusini ya makaburu, wakati ambapo sisi huku tulikuwa tunawachangia wapigania uhuru. Sidhani vijana wa Mwanza waliokuwa wakimgombania walilijua hilo, na waliojua nadhani walinyamaza wamalize hadithi. Haikuchukua muda Faraj Katalambulla, yule wa riwaya ya Simu ya Kifo, akaja na Film Tanzania, picha kama zile ila watu wetu na Kiswahili chetu.

Toleo moja la Spear nililonalo limepoteza jalada la mbele. Nyuma yake aliyekuwa nalo kabla yangu aliandika kwa wino wa bluu majina ya walioazima, na kila aliyerudisha akapigiwa vema. Jina moja halina vema. Nimeshalifikiria jina hilo kuliko njama nzima iliyomo ndani.

Ndivyo nilivyoangukia kwenye wasifu wa waandishi. Mpwa wangu anayesoma ng'ambo aliniuliza aniletee nini, nikamwambia asihangaike na viatu, aniletee maisha ya watu walioandika hadithi za kusisimua kwa ujira wa maneno. Marekani wana vitabu hivyo tele. Wenzetu hawa walilipwa senti moja kwa neno, mara nyingine pungufu, na bado kuna mtu amekaa akahesabu kila walichoandika. Walter Gibson, kwa jina la Maxwell Grant ambalo lilikuwa mali ya mchapishaji, aliandika riwaya 282 kati ya 325 za shujaa The Shadow, na kuna kipindi alikuwa anatoa mbili kwa mwezi. Kabla ya hapo alikuwa mwanamazingaombwe. Lester Dent, wa riwaya za shujaa Doc Savage, alikuwa na kanuni yake: hadithi ya maneno 6,000 igawe mafungu manne ya 1,500, na kila fungu umtupie shujaa balaa jipya. Nikachukua penseli nikawapima waandishi wetu kwa kanuni hiyo. Elvis Musiba, wa mpelelezi Willy Gamba, anakaribia sana kuifuata. Ben Mtobwa, wa mpelelezi Joram Kiango, anaiharibu, kwa sababu kila mara anapunguza mwendo awatazame maskini wa mjini, na hapo ndipo ninapompenda zaidi.

Nimecheka pia. Edgar Rice Burroughs, aliyekuwa ameshindwa kazi nyingi hadi kufikia kusimamia wauzaji wa vichongeo vya penseli, alimtoa Tarzan mwaka 1912 bila kukanyaga Afrika hata siku moja, na kwenye toleo la kwanza la jaridani akatuwekea chui-milia wa Asia msituni. Walipomsahihisha akambadilisha kuwa simba jike. James Hadley Chase naye, Mwingereza aliyeitwa René Raymond, aliandika Marekani ya majambazi mwaka 1939 akitumia ramani na kamusi ya lugha ya mitaani ya huko. Huku tulimsoma hadi vitabu vikaachia gundi. Ukishajua hayo, unapokutana na Kufa na Kupona ya Musiba ya mwaka 1974, na Willy Gamba anatumwa Nairobi kufuata nyaraka za wapigania uhuru zilizoibwa, unasikia tofauti. Musiba hakuhitaji ramani. Kamati ya ukombozi wa Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na msomaji alijua.

Aliyenikaa moyoni ni Robert E. Howard, aliyemzua shujaa wa upanga, Conan. Aliishi na wazazi wake Cross Plains, mji mdogo wa Texas. Akiandika alikuwa anasema kwa sauti kubwa, majirani wakisikia vita nzima kupitia dirishani. Weird Tales, jarida lililomtangaza, lilikuwa linamcheleweshea malipo, na alipokufa lilikuwa bado na deni lake. Mama yake alikuwa anaumwa kifua kikuu. Tarehe 11 Juni 1936 Howard aliambiwa mama hatazinduka tena, akatoka nje, akaingia kwenye gari lake na kujipiga risasi. Alikuwa na miaka 30. Mama akafariki siku iliyofuata.

Habari ya kifo iko kila mahali. Kinachonishika ni jinsi tunavyomjua alipokuwa hai. Palikuwa na mwalimu wa shule hapo mjini, Novalyne Price, ambaye alitembea naye kwa muda, na kwa sababu alitaka kuwa mwandishi alikuwa akirudi nyumbani anayaandika mazungumzo yao kwenye shajara: alisema nini ndani ya gari, alinunishwa na nini, alivaa kofia gani ya kichekesho kumtania. Shajara zikalala miaka zaidi ya arobaini. Mwaka 1983 ukatoka wasifu wa Howard ulioandikwa na L. Sprague de Camp, na huyu mama, kwa wakati huo mwalimu mstaafu, hakumtambua mtu aliyeelezwa mle. Akafungua shajara zake, na 1986 akatoa kitabu chake mwenyewe, One Who Walked Alone. Sasa ukisoma wasifu wowote mpya wa Howard, nusu ya pumzi yake imetoka kwa huyo mwalimu.

Nikirudi kwetu, maisha ya waandishi wetu yamewekwa ukurasa wa nyuma wa kitabu, mistari michache na picha yenye tai. Muhammed Said Abdulla, aliyetupa mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, alikuwa mkaguzi wa afya, akawa mhariri, na Mzimu wa Watu wa Kale ilikuwa imeshinda shindano kabla ya kuchapishwa 1960. Musiba alikuwa mfanyabiashara, akaja kuongoza chama cha wenye biashara, viwanda na kilimo, akafariki 2010. Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma na baba wa Joram Kiango, alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko, akafariki 2008. Haya ni mambo ya kwenye hotuba ya msiba. Hayaniambii kama Musiba aliandika usiku baada ya ofisi, na mkewe alisemaje kuhusu Willy Gamba na wanawake wake. Na si wa riwaya pendwa peke yao. Aniceti Kitereza wa hapo Ukerewe, saa chache kwa meli, alimaliza hadithi yake ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945 kwa Kikerewe, Kiswahili chake kikatoka 1980, naye akafariki 1981. Waliomuuzia karatasi na kumpelekea uji bila shaka walikuwa na ya kusema.

Wengi walioyajua haya ni wazee sasa. Kwa hiyo nimeanza na wa nyumbani. Baba yangu mdogo alikuwa karani wa mizigo stesheni hapa Mwanza, na vifurushi vya magazeti kutoka Dar vilipita mikononi mwake. Nilikwenda kwake Igoma na daftari.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na kalamu, nimeshitakiwa?"

Alisema kifurushi kikichelewa, vijana walikuwa wanakuja kuuliza treni kama watu wanaosubiri mgonjwa. Alisema kinyozi mmoja wa Igogo alitoboa magazeti yake na kuyafunga kwa kamba ukutani yasitoke, na ukikaa kunyolewa unasoma, usiponyolewa unalipa. Kulikuwa na utingo wa basi aliyejiita Willy Gamba hadi jina lake la kweli likajulikana siku alipooa. Nikamuuliza kama waliwahi kumwona mwandishi yeyote kwa macho. Akafikiri sana. "Tuliamini hawapo," akasema. "Tuliamini Willy Gamba yupo."

Nimeiandika hivyo hivyo, na tarehe, na kwamba alikuwa anamenya chungwa. Novalyne hakuwa profesa, alikuwa mwalimu aliyerudi nyumbani na kuandika kabla hajasahau. Nimenunua daftari kubwa, na kila gazeti kuukuu ninaloliingiza sandukuni nalitengea ukurasa wake: nimelipata kwa nani, alilisomea wapi, nani alimsomea. Mume wangu anasema sasa nakusanya watu badala ya magazeti, na kwamba watu angalau hawaliwi na mende.

Muuzaji wangu wa upande wa Mlango Mmoja, mzee wa vitabu chakavu, amenipigia jana. Kapata Film Tanzania, matoleo kadhaa pamoja, yametoka kwenye dari la nyumba inayobomolewa. Kanisomea kwenye simu majina yaliyoandikwa kwa kalamu juu ya jalada, kwa sababu ameshanijua udhaifu wangu, kisha ndipo akataja bei. Elfu arobaini kwa yote, bila jalada la mwisho. Nimemwambia ishirini na tano na nitakuja na maandazi. Amesema maandazi alete nani, yeye ana sukari. Tumeachia thelathini, na mvua ikikatika kesho asubuhi nitashuka.