Hamilton kashinda, mjomba kalia

Leo Sabasaba, Julai 7, 2024. Saa kumi na moja jioni mimi na mjomba tulikuwa kwenye banda la kuonyeshea mpira hapa Ngamiani, Tanga. Tulimbembeleza mwenye banda atuwekee mbio za magari za Formula 1 kutoka Silverstone, Uingereza. Watazamaji wanne tu, na kahawa yetu.

Mizunguko 52. Mvua inanyesha, inakata, inarudi. Mjomba ni fundi gari wa miaka mingi, macho yake yalikuwa kwenye matairi. "Mjomba, hapa atashinda anayejua kubadilisha kwa wakati," akaniambia. Na kweli! Dereva Russell, aliyeanza wa kwanza, gari likamharibikia. Norris akachelewa kuingia kubadilisha matairi, Hamilton akampita hapohapo. Kisha Verstappen na matairi yake magumu, yanayochakaa polepole, akaanza kula pengo, mzunguko baada ya mzunguko. Kahawa ilinipolea mkononi. Akaishia wa pili, nyuma kwa sekunde 1.465, Norris wa tatu.

Hamilton hakuwa ameshinda tangu Saudi Arabia, Desemba 2021! Alipomkumbatia baba yake, mjomba alifuta machozi kwa kanzu. Na mimi nililia.