Jedwali la tanzia: hatimaye moto umepata pa kukaa

Limekubali! Mnaofuatilia mnajua kazi yenyewe: kupanga pamoja orodha tatu za maarifa ya binadamu kutoka tanzia, yaani tamthilia za misiba, za Ugiriki ya kale. Kuna Prometheus, mungu wa kale aliyefungwa mwambani, kwaya ya wazee wa Thebes katika Antigone ya Sophocles (karibu 441 KK), na hotuba ya Theseus, mfalme wa Athene, katika Waombaji ya Euripides (karibu 423 KK). Merikebu ziliingia kwenye orodha zote tatu bila ubishi. Moto ndio ulionitoa jasho.

Zeus, mkuu wa miungu, anamwadhibu Prometheus kwa kuiba moto, kwa hiyo ungedhani atautanguliza. Wapi! Anaanza na watu walioishi mapangoni kama sisimizi, halafu nyota, hesabu, maandishi, nira, merikebu, dawa. Akifika kwenye ramli ndiyo hanyamazi: ndoto, ndege, matumbo ya wanyama, hadi rangi ya nyongo! Shaba, chuma, fedha na dhahabu zinapitiwa harakaharaka. Moto hauna mstari wake. Alishautaja mapema kwa mabinti wa Oceanus, ambao ndio kwaya yake, kwamba watu watajifunzia humo ufundi mwingi. Kwaya ya Antigone haiugusi. Kwa Theseus ni kitu cha waaguzi kutazama, basi.

Kwenye Excel, nikiuweka safu ya peke yake unabaki mpweke. Nikiufanya kichwa unameza kila kitu. Programu hizi zimetengenezwa kwa ajili ya mishahara, si kwa Waathene. Nikahamia kadi za manila na pini ukutani, na hapo ndipo nikaacha kupanga kwa ufundi, nikapanga kwa anayepewa sifa. Prometheus anajisifu mwenyewe. Wazee wa Thebes wanamsifu binadamu aliyejifundisha. Theseus anamshukuru mungu asiyemtaja jina. Moto ukakaa juu ya kadi za Prometheus, si kama ufundi bali kama shtaka lake. Raha iliyoje!

Hesiod, mshairi wa Kigiriki niliyeahidi kumwongeza, asubiri. Nimenaswa na dawa. Katikati ya orodha kwaya inamkatiza Prometheus: umekuwa kama tabibu mbaya aliyeugua asijue dawa ya kujitibu. Naye anajibu kwa kutaja nini? Dawa, tena akiita ndilo jambo kubwa kuliko yote! Wazee wa Thebes nao wanasema magonjwa yamepatiwa njia, isipokuwa kifo. Theseus hana hata neno. Kadi nyekundu zimeisha. Kesho napitia duka la vifaa vya ofisi.